Wageni wa ALAT na mfuko wa mwenyeji: Somo la Mbeya na Iringa

KATIKA miji ya Nyanda za Juu Kusini, dalili za mkutano mkubwa huonekana barabarani kabla ya kuonekana ukumbini. Mitaro huzibuliwa, mawe ya kingo za barabara hupakwa chokaa, taa zilizozimika kwa miezi huwashwa tena, na wachuuzi wa nyanya, ndizi na mitumba hutakiwa kusogea mbali na njia watakayopita wageni.

Mbeya na Iringa zina uzoefu wa kutosha wa shughuli hiyo. Mwaka 2018 sherehe za kitaifa za Mei Mosi zilifanyika Iringa, katika Uwanja wa Samora, na mwaka uliofuata zikahamia Uwanja wa Sokoine jijini Mbeya. Mara zote mbili mgeni rasmi alikuwa Rais John Magufuli. Maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika Mbeya, katika Viwanja vya John Mwakangale, mwaka 2022 na tena mwaka 2023. Oktoba 2025 jiji hilo hilo likawa mwenyeji wa kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru.

Wapo, hata hivyo, wageni wa aina moja ambao mji mwenyeji hauwezi kuwapumbaza kwa chokaa. Hao ni wajumbe wa mkutano mkuu wa mwaka wa Jumuiya ya Tawala za Mitaa Tanzania, ALAT: mameya wa majiji na manispaa, wenyeviti wa halmashauri za miji na wilaya, na wakurugenzi wao. Wengi wao wamewahi kuagiza chokaa ya namna hiyo katika miji yao wenyewe. Wanajua mtaro uliozibuliwa jana unavyofanana, na wanajua bajeti iliyolipa vibarua imetolewa katika fungu gani.

Kwa sababu hiyo, kuwapokea wajumbe wa ALAT ni jambo tofauti na kupokea gwaride. Wanapokutana, ajenda yao kubwa ni ile ile ambayo imejionyesha barabarani tangu kituo cha mabasi: halmashauri ina uwezo gani wa kifedha na wa kisheria kuuendesha mji ambao wananchi wanaamini unaendeshwa na halmashauri?

Swali hilo halijapata jibu la kuridhisha kwa zaidi ya nusu karne, na historia yake inapita Iringa.

Mei 1972 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Iringa na kutoa tamko lililokuja kujulikana kwa maneno matatu, Siasa ni Kilimo. Mkoa ulikuwa bado haujasahau Krismasi iliyotangulia. Desemba 25, 1971 Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa kupigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi huko Isimani, katika kipindi ambacho viongozi walikuwa wakisukuma kilimo cha pamoja katika eneo lililokuwa na wakulima wakubwa wa mahindi. Wageni wa TANU waliokuja kuzungumzia kilimo walikuwa katika mkoa ambao uhusiano kati ya kiongozi anayeagiza na mkulima anayeagizwa ulikuwa umevunjika kwa namna ya kutisha.

Miezi michache baadaye, Julai 1972, Serikali ilianza kutekeleza mpango wa Madaraka Mikoani. Jina la mpango lilikuwa zuri, lakini halmashauri za wilaya zilivunjwa, na zile za miji zikafuata. Kazi zao zilikabidhiwa kwa watendaji wa mikoa na wilaya waliokuwa wakiwajibika kwa Serikali Kuu. Mwananchi aliyekuwa akimfuata diwani kuhusu kisima au daraja alianza kumfuata ofisa aliyehamishiwa pale kutoka mkoa mwingine.

Miji ndiyo iliyoonja matokeo mapema. Takataka zilirundikana, mifereji ikaziba, na mlipuko wa kipindupindu wa miaka ya 1976 na 1977 ukawa miongoni mwa sababu zilizoilazimisha Serikali kurejesha halmashauri za miji mwaka 1978. Za wilaya zilisubiri sheria za mwaka 1982, Namba 7, 8 na 9, na zikaanza kazi upya mwaka 1984. Mwaka huo huo Katiba ilirekebishwa, na Ibara za 145 na 146 zikatamka kuwapo kwa serikali za mitaa na madhumuni yake. Desemba 13, 1984 halmashauri hizo zikaunda ALAT.

Tangu hapo, sheria haijawahi kuzifuta tena halmashauri kwa mkupuo mmoja. Kilichotokea ni cha taratibu zaidi. Kazi moja imeondolewa, kisha chanzo kimoja cha mapato, kisha kingine, na kila mara kwa sababu ambayo ikitazamwa peke yake inaeleweka.

Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa pamoja na kodi nyingine zilizoitwa za kero. Hakuna mwanakijiji wa Kilolo au Rungwe aliyeililia kodi ile, maana wapo waliolala porini wakiwakimbia wagambo. Serikali iliahidi ruzuku ya kufidia pengo. Tangu hapo sehemu kubwa ya bajeti ya halmashauri imekuwa fedha inayotoka Hazina, ikiwa na masharti ya matumizi yaliyokwisha kuandikwa.

Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Mwaka 2017 ada za mabango ya matangazo zikafuata njia hiyo. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU, awali Sh1,000 kwa mwezi na baadaye, kuanzia mwaka 2023, Sh1,500 kwa nyumba ya kawaida. Utaratibu huo ni rahisi, na haukwepeki kwa urahisi. Lakini mwenye nyumba wa Forest, Mbeya, au wa Gangilonga, Iringa, hana tena sababu ya kuingia ofisi ya halmashauri na kuuliza kodi yake imefanya nini. Anayemkata ni mita ya umeme, na mita haina baraza la madiwani.

Ikumbukwe kuwa duniani kote kodi ya majengo ndiyo kodi ya asili ya mji. Barabara ikiwekwa lami, thamani ya nyumba hupanda. Nyumba ikipanda thamani, kodi huongezeka. Kodi ikiongezeka, mji huweka lami nyingine. Mzunguko huo ukikatwa katikati, meya hana faida ya moja kwa moja ya kuutengeneza mtaa, isipokuwa kura.

Na hata lami yenyewe si yake. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulizinduliwa Julai 2017 na kuchukua mtandao wa barabara uliokuwa chini ya halmashauri. Ada za maegesho ya magari nazo zikawa eneo lake. Barabara kuu inayoukata mji wa Mbeya kutoka Uyole hadi Mbalizi, ambako malori ya Zambia na Kongo hushindana na bajaji na daladala, iko chini ya TANROADS, ikiwa ni pamoja na mradi wa kuipanua kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Mwaka 2019 maji ya vijijini yalikabidhiwa kwa RUWASA. Mgeni wa mkutano akikwama kwa saa nzima kwenye foleni ya Mafiati atamlaumu meya, ambaye hana mamlaka ya kuhamisha hata jiwe moja la barabara hiyo.

Kwa halmashauri za wilaya zinazoyazunguka majiji, kisu kilikata mahali pengine. Nyanda za Juu Kusini ni ghala la nchi: mpunga wa Mbarali na Kyela, viazi vya Umalila na Uporoto, chai ya Mufindi na Rungwe, mahindi ya Isimani, nyanya na vitunguu vya Ilula. Ushuru wa mazao ndio uliokuwa nguzo. Mwaka 2017 Bunge liliushusha kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na kuwaondolea wanaosafirisha chini ya tani moja. Mkulima alistahili nafuu hiyo, ambaye alikuwa akitozwa katika kila geti na bado gunia lake la viazi linajazwa lumbesa. Nafuu yake lakini ilitolewa Dodoma, na pengo likabaki katika halmashauri ya wilaya.

Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo. Kila mkuu wa mkoa alikabidhiwa 25,000, na kimoja kiliuzwa kwa Sh20,000. Mwenye mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka akishakuwa nacho hakutakiwa kutozwa ushuru mwingine. Machinga wa Mwanjelwa walivipokea kwa furaha, kwa kuwa kwa mara ya kwanza walikuwa na karatasi ya kumwonyesha mgambo. Fedha ilikwenda Serikali Kuu. Taka walizoziacha jioni zilibaki kwa Jiji.

Hapo ndipo hesabu ya kupokea wageni inapopata maana.

Tanzania Bara ina halmashauri 184. Kila moja ikipeleka watu watatu tu katika mkutano wa mwaka, yaani meya au mwenyekiti, mkurugenzi na dereva, idadi inafika watu 552. Wakilala usiku wanne, mji mwenyeji umeuza vitanda 2,208 bila kuhesabu watumishi wa wizara, wafadhili, waonyeshaji wa bidhaa na waandishi wa habari. Kwa mji kama Iringa, uliohesabiwa kuwa na watu 202,490 katika Sensa ya mwaka 2022, hilo ni ongezeko la kuhisiwa hadi kwa mwendesha bodaboda wa Ipogolo. Mbeya, iliyokuwa na watu 541,603 katika sensa hiyo, inaweza kulimeza bila kutikisika sana, lakini hata huko mama lishe wa Kabwe hujua wiki ya mkutano kwa kuangalia sufuria lake.

Faida hiyo ni ya kweli na haifai kubezwa. Miji ya kusini iliumia mwishoni mwa mwaka 2015, Serikali ya Awamu ya Tano ilipoagiza semina na mikutano ya umma ihamie katika kumbi za Serikali na kubana safari. Hoteli zilizojengwa kwa matumaini ya warsha zilibaki na kumbi tupu. Nyanda za Juu Kusini hazina msururu wa watalii kama Arusha; mgeni wa kawaida wa hoteli ya Mbeya au Iringa ni mfanyabiashara, msafiri wa mpakani au mtumishi wa umma aliye safarini. Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kutumika Desemba 2012, uliifanya Mbeya ifikike kwa ndege kubwa, lakini abiria wake wengi ni watu wa kazi.

Lakini ni nani anayechuma? Chukua hoteli iliyosajiliwa kwa VAT ambayo imeuza huduma za Sh1,000,000 kabla ya kodi. VAT kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 ni Sh180,000, nayo inakwenda TRA. Ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri, kwa kiwango cha asilimia 0.3 kilichotumika kwa miaka mingi, ni Sh3,000. Nyumba ndogo za kulala wageni zisizosajiliwa kwa VAT hulipa ushuru wa wageni kwa halmashauri, nazo ndizo zinazopokea madereva na wachuuzi wanaofuata mkutano. Meya na mkurugenzi hawalali huko.

Kwa maneno mengine, mji mwenyeji hulipa kwanza, kwa taka, maji, vibarua, mgambo, mafuta ya magari na zawadi za wageni, kisha sehemu kubwa ya kodi inayotokana na wageni hao hukusanywa na mwingine. Wajumbe nao wanalipiwa nauli na posho ya kujikimu kutoka katika mapato ya ndani ya halmashauri zao, yale yale wanayokuja kulalamika kuwa yamepungua. Diwani wa kata isiyo na zahanati ana haki ya kuuliza fedha hiyo inarudi na nini.

Upande wa pili wa maandalizi ni wachuuzi, na hapa Mbeya na Iringa zina kumbukumbu chungu.

Novemba 2011 amri ya kuwaondoa machinga waliokuwa wakipanga bidhaa kando ya barabara eneo la Mwanjelwa iligeuka kuwa mapambano ya siku mbili kati ya vijana na polisi, matairi yakachomwa na barabara kuu ikafungwa. Hali ilitulia baada ya Mbunge wa Mbeya Mjini wakati huo, Joseph Mbilinyi, kuzungumza na umati. Mei 2013 ikawa zamu ya Iringa, katika eneo la Mashine Tatu, ambako mvutano wa kufanya biashara barabarani ulizaa vurugu na Mbunge Peter Msigwa akafikishwa mahakamani.

Hapakuwa na mkutano wa wageni katika visa hivyo viwili. Vinahusika kwa sababu vinaonyesha kwamba kumsogeza mchuuzi ni uamuzi wenye gharama, na kwamba jiji haliwezi kumwambia mtu aondoke bila kuwa na mahali pa kumpeleka. Mbeya ilikuwa imepoteza mahali hapo. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006. Wafanyabiashara wakatawanyika, wengi wakahamia eneo la SIDO, ambalo nalo liliungua mwaka 2011 na tena Agosti 2017. Soko jipya la Mwanjelwa lilijengwa kwa mkopo wa benki, likachukua miaka, na lilipokamilika kodi ya vyumba na vizimba ikawa chanzo cha mvutano kati ya Jiji linalodaiwa na mfanyabiashara ambaye mtaji wake uliteketea. Mji wenye kodi ya majengo mkononi ungeweza kuubeba mkopo huo kwa mabega mapana zaidi.

Mwishoni mwa mwaka 2021 kazi ya kuwapanga machinga ilitolewa kama agizo la nchi nzima, na halmashauri zikatakiwa kutafuta maeneo haraka. Mkutano wa ALAT wa Septemba mwaka huo, uliofanyika Dodoma na kufunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan, ulikuja wakati mameya wengi walikuwa wanaliwazia jambo hilo zaidi ya ajenda iliyochapwa.

Wapo waliotafsiri uhamishaji wa vyanzo vya mapato wa miaka ya 2016 na 2017 kuwa ni adhabu kwa miji iliyochagua upinzani. Tafsiri hiyo ilikuwa na mvuto hasa Mbeya na Iringa, kwa kuwa baada ya uchaguzi wa mwaka 2015 halmashauri zote mbili ziliongozwa na CHADEMA, Mbeya chini ya Meya David Mwashilindi na Iringa chini ya Meya Alex Kimbe, ambaye alipigiwa kura ya kutokuwa na imani na kuondolewa Machi 2020. Lakini sheria zilizopitishwa zilizigusa halmashauri zote, zikiwamo nyingi zilizokuwa za CCM. Na CCM iliporudi kuziongoza halmashauri hizo mbili baada ya uchaguzi wa Oktoba 2020, barabara hazikurejeshwa kwa meya, na kodi ya majengo ilirudi kidogo tu kabla ya kuingizwa katika LUKU. Tatizo ni la muundo, na madiwani walioingia baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 wamelirithi kama lilivyo.

Itakuwa si haki, hata hivyo, kuwaacha wageni wa ALAT waonekane kama yatima wasio na kosa. Mwaka baada ya mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ametaja halmashauri ambazo makusanyo hayakupelekwa benki, mashine za kukusanyia mapato zilizozimwa au kutoonekana katika mfumo, na mikopo isiyorejeshwa. Mfano wa mwisho ndio wenye aibu kubwa zaidi. Sheria ya mwaka 2018 ilizitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilikuwa fedha yao na chombo chao. Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kuisitisha kutokana na udhaifu uliobainika, vikiwamo vikundi hewa, na ikarejeshwa katikati ya mwaka 2024 kwa utaratibu mpya ambao katika baadhi ya halmashauri unatumia benki.

Kila ripoti ya namna hiyo ni hoja mkononi mwa anayetaka kuchukua chanzo kinachofuata. Wizara ya Fedha haihitaji kubishana na ALAT kuhusu falsafa ya ugatuaji. Inatosha kufungua ukurasa wa CAG.

Aidha, jumuiya yenyewe ina mguu mmoja uliofungwa. Meya na mwenyekiti huchaguliwa na madiwani, lakini mkurugenzi aliyeketi naye huteuliwa na Rais. Ukumbini wanaketi pamoja kama ujumbe mmoja, na azimio linaloikosoa Serikali Kuu linatakiwa kuungwa mkono, au angalau kuvumiliwa, na nusu ya ujumbe ambayo ajira yake inategemea Serikali hiyo. Ndiyo maana maazimio ya mikutano hii huandikwa kwa lugha ya kuomba. Dar es Salaam ilipata somo gumu zaidi: Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa kwa uamuzi wa Rais Magufuli na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Hapakuwa na kura ya wakazi.

Jirani zetu wa Kenya wanaitisha mkutano wa aina hii kwa nguvu tofauti. Mkutano wao wa mwaka wa ugatuzi umezunguka kaunti, kutoka Kisumu mwaka 2015 hadi Kakamega mwaka 2018, Makueni mwaka 2021, Eldoret mwaka 2023 na Homa Bay mwaka 2025. Huko nako kuna chokaa, kuna posho, na kuna magavana waliofikishwa mahakamani kwa ubadhirifu. Lakini Katiba ya mwaka 2010 inasema kaunti zitapata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, na mwaka 2019 mgawo ulipokwama bungeni magavana walikwenda Mahakama ya Juu kutafuta tafsiri. Gavana anakuja katika mkutano akiwa na namba iliyoandikwa katika Katiba. Ibara ya 145 ya Katiba ya Tanzania inatamka kuwa vyombo vya serikali za mitaa viwepo. Haisemi viwe na kiasi gani mfukoni.

Namba ya namna hiyo haitapatikana katika mkutano mmoja, iwe Mbeya, Iringa au kwingineko. Kuna jambo dogo zaidi ambalo halihitaji kubadili Katiba, nalo ni kalenda.

Bajeti ya nchi ina tarehe zinazojulikana. Mwongozo wa Hazina na ukomo wa bajeti huzifikia halmashauri kabla ya mwaka mpya, mabaraza ya madiwani hupitisha makadirio yao mwanzoni mwa mwaka, bajeti ya TAMISEMI husomwa bungeni Aprili, na Sheria ya Fedha, ambayo ndimo mapato ya halmashauri yalimopunguzwa mara nyingi, hupitishwa Juni na kuanza kutumika Julai 1. Mkutano unaofanyika Septemba unajadili sheria ambayo wino wake umekwisha kukauka kwa miezi mitatu. Ombi lake hukaa katika jalada likisubiri mzunguko unaofuata, na wakati huo baadhi ya waliolipigia makofi wamekwisha kuhamishwa.

Halmashauri saba za Mkoa wa Mbeya na tano za Mkoa wa Iringa zinaweza kukaa pamoja Oktoba, katika ukumbi wowote wa Serikali, zikiwa na karatasi moja inayoonyesha kwa miaka 10 kila chanzo kilichohamishwa, kiasi kilichokuwa kikikusanywa mwaka wa mwisho na kiasi kilichorudi kama ruzuku. Takwimu hizo zimo katika vitabu vyao vya hesabu na zimekaguliwa. Karatasi hiyo ikitangulia kufika Dodoma kabla ukomo wa bajeti haujatangazwa, wabunge wa mikoa hiyo miwili watakuwa na kitu cha kushika mkononi Aprili, Waziri atakapoomba wapitishe fungu lake.